Hicho kitundu si dawa ya intaneti

Stima imekatika Lamu, imerudi, na taa zote za ruta zimewaka isipokuwa ya intaneti. Mwenye nyumba atafuta pini, aidunga kwenye kitundu cha nyuma, aishikilia sekunde 10. Kisha ampigia fundi: "Nimeiriseti lakini bado." Bado nini tena, ndugu yangu? Umeshafuta kila kitu.

Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kuriseti kwafuta jina la waifai, na pia akaunti ya WAN (upande wa ruta unaoelekea kwa mtoa huduma), ambayo haikuandikwa kwenye kile kibandiko cha chini. Kibandiko ni cha waifai na cha kuingilia ruta tu. Akaunti ya WAN anayo mtoa huduma.

Akaunti hiyo hutumiwa na PPPoE, njia ya ruta kujiunga na mtoa huduma. Ni mtindo ule ule wa modemu za kupiga simu, ila hapa hakuna namba. Ruta yabisha hodi kupitia kebo, yataja akaunti na nywila, na upande wa pili ukiridhika ndipo inapewa anwani ya IP. Sasa stima ikikatika, ruta haikuaga. Kule kwa mtoa huduma kikao cha zamani bado ki wazi, na akaunti nyingi huruhusiwa kikao kimoja tu. Ruta ikirudi yakataliwa, na kosa huweza kuonekana kama la nywila (kwenye Windows ni 691) ilhali nywila ni sahihi kabisa! Dawa ni kuzima, kungoja, kuwasha. Mimi hungoja dakika 5, wala siwezi kuapa kwamba zatosha kila mahali, kwa sababu muda huo aupanga mtoa huduma. Kuzima na kuwasha kila nusu dakika huenda kukaacha kikao kingine kikining'inia.

Kama pini imeshaingia, basi: kebo kwenye tundu la WAN, fungua 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari, chagua PPPoE. Ruta nyingi zikiriseti hurudi kwenye "Dynamic IP", zikakaa kungoja anwani ambayo hakuna atakayezipa. Ukiandika akaunti kwa simu, angalia: kibodi hukuza herufi ya kwanza bila kuulizwa, na ukinakili kutoka WhatsApp huweza kuja na nafasi tupu mwishoni. Huioni, lakini ruta yaiona. Uliza pia kama kuna namba ya VLAN (hutenganisha njia za mtandao ndani ya kebo moja), na kama akaunti imefungwa kwa MAC, yaani namba ya utambulisho, ya ruta ya zamani.

MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa huzua lawama za "intaneti nusu". Ujumbe wa WhatsApp waenda, Google yafunguka, lakini tovuti ya benki yakwama katikati na picha hazipandi. Pakiti ya Ethernet hubeba hadi baiti 1500. PPPoE yachukua 8, zabaki 1492. Ukiacha 1500, pakiti kubwa hudondoshwa njiani, na ikiwa ujumbe wa "punguza" ambao hurudishwa kwa mtumaji umezuiwa, aliyetuma hajui kamwe. Pima kwa Windows: ping -f -l 1464 8.8.8.8. Ikijibu, 1492 yapita, maana 1464 na 28 za vichwa vya pakiti ni 1492. Isipojibu, shuka kumi kumi. Kwa redio za paani mimi huanzia 1480 moja kwa moja. Vitabu havitakwambia hivyo, nami sina sababu ya kukuridhisha, ila yafanya kazi.

"Connect on Demand" (ruta kujiunga pale tu mtu anapotumia) usiitumie. Ilifaa enzi za kulipia kwa dakika. Kwa bando la mwezi weka ya kujiunga yenyewe, la sivyo mgeni wa Shela, kijiji cha hapa Lamu, ataamka alfajiri akute laini imelala.

Akiba ya 4G kwa modemu ya USB ni rahisi: namba ya kupiga *99#, na kwa laini ya Safaricom APN (jina la lango la data) ni safaricom, jina saf, nywila data.

Na kama taa ya WAN haiwaki kabisa, achana na akaunti. Chomoa kebo utazame meno ya shaba. Yakiwa ya kijani, hiyo ni kutu ya chumvi ya bahari. Kusugua kwasaidia wiki moja. Kata sentimita 3, bana kichwa kipya cha RJ45, rangi za nyaya kwa mpangilio wa T568B pande zote mbili.