Kiungo cha kauri na chuma: kushika ndiyo nusu rahisi

Wengi wakiona kauri imelehemiwa na chuma huuliza kama kiungo kitashika. Mimi huuliza kitaishi muda gani. Kwenye seli ya fueli ya oksidi mango, yaani kifaa cha kauri kinachozalisha umeme kutokana na fueli na hewa, kiungo hukaa kwenye joto la nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi kwa maelfu ya saa, haidrojeni upande mmoja, hewa upande wa pili, na hakitakiwi kuvuja.

Kauri yenyewe ni zirkonia (oksidi ya metali ya zirkoni) iliyotiwa itria, oksidi nyingine, kidogo. Ukiyeyushia fedha tupu juu yake, fedha hujikunja matone kama maji kwenye jani la mgomba. Dawa ya zamani ni kutia metali ya titani kidogo kwenye aloi ya fedha na shaba. Titani huinyang'anya kauri oksijeni, ukatokea utando ambao aloi hutambaa juu yake. Lakini titani huichangamkia hewa vilevile, kwa hiyo unahitaji tanuri la ombwe, na hilo ni ghali. Halafu seli ikiwashwa, hewa inaanza kukila kiungo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Pacific Northwest National Laboratory, Marekani, waliendeleza njia nyingine: lehemu ya fedha na oksidi ya shaba, ndani ya tanuri la kawaida lenye hewa, kwenye nyuzi 1000 hivi. Oksidi ya shaba ndiyo inayopatana na kauri. Fedha hutanuka karibu mara mbili ya zirkonia, ila ni laini, hivyo hunyumbuka kabla kauri haijapasuka.

Kasoro iko kwenye fedha yenyewe. Haidrojeni na oksijeni zote hupenya ndani yake, zikikutana katikati zinakuwa mvuke wa maji, na mvuke hauna pa kutokea. Kata kiungo kilichozeeka, king'arishe, kiweke chini ya hadubini: upande wa hewa fedha imeshikamana, upande wa haidrojeni utaona vishimo, hasa pale oksidi ya shaba ilipogeuka kuwa shaba tupu.

Kwa hiyo mimi hupunguza oksidi ya shaba hadi kiasi kidogo kinachotosha kuifanya fedha itambae juu ya kauri, hupanua kiungo ili gesi zisafiri mbali zaidi, na joto la kazi nikiweza hulishusha. Majaribio yaliyofanywa kwa hewa pande zote mbili siyahesabu kabisa.