Mradi halisi: maana yake katika kufundisha nyumba endelevu

Mradi halisi ni zoezi la usanifu lenye kiwanja kilichopo, familia itakayoishi humo na bajeti isiyoongezeka. Kikikosekana kimoja, mwanafunzi anajifunza kuchora tu. Rural Studio ya Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama, Marekani, hufundisha hivyo tangu 1993: wanafunzi husanifu nyumba na kuijenga wenyewe. Mwaka 2005 walianza kutafuta nyumba ya dola 20,000, vifaa pamoja na ufundi.

Nyumba endelevu hutumia saruji, kuni, maji na umeme kwa kiasi, na matengenezo yake hayamlemei mwenyewe. Kwa darasa la Tanzania, pa kuanzia ni tofali. Tofali la kuchoma linakula kuni; la kufungamana, la udongo na saruji lenye umbo la kushikana na jenzake, linashindiliwa kwa mashine na kukomaa bila moto. Lenye sm 30 × 15 × 10 huingia takriban 33 kwa mita moja ya mraba ya ukuta.

Kabla ya kuchora chochote, wanafunzi wapime udongo wa kiwanja chenyewe. Waondoe tabaka la juu lenye mizizi na mboji, wachimbe wa chini yake. Watengeneze kisanduku cha mbao chenye urefu wa sm 60, upana na kina sm 4, wakipake mafuta ndani, wajaze udongo uliolowa na kuushindilia. Kikae juani siku 3, kisha wausukume udongo upande mmoja na kupima pengo. Likiwa chini ya sm 1.5, waanze na saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 18. Kati ya sm 1.5 na 3, 1 kwa 16. Kati ya sm 3 na 4.5, 1 kwa 14. Kati ya sm 4.5 na 6, 1 kwa 12. Likizidi hapo, mfinyanzi ni mwingi: waongeze mchanga, wapime upya. Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi, waachane nao.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yanayowashinda wengi. Finyanga donge la mchanganyiko, liachie kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vinne hadi sita, maji yanatosha. Likibonyea tu yamezidi, likisambaratika yamepungua. Kosa jingine ni kuchanganya rundo kubwa asubuhi na kulitumia hadi mchana, wakati saruji imeshaanza kushika. Changanyeni kinachoisha ndani ya nusu saa. Matofali yafunikwe kwa nailoni kivulini na kumwagiliwa siku 7. Yakianikwa juani yanakauka kabla ya saruji kukomaa, na kona zinamegeka mkononi.

Ramani ifuate baadaye: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lipige kuta fupi. Bati la mita 50 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, linashusha lita 1,000. Hesabu 800 zitakazofika tangini.

Alama zisitolewe kabla fundi mwashi hajakagua orodha ya vifaa na bei, mbele ya familia yenyewe.