Fundo la Wajibu na Mapenzi: Linavyokazwa na Linavyolegea

Miswada mingi ya riwaya kuhusu mtu aliyebanwa kati ya mapenzi na wajibu huharibika mahali pamoja. Binti anampenda kijana, baba hataki. Baba mwenyewe ni katili, ana uchu wa mahari, na mchumba aliyemtafuta ni mzee mwenye pesa. Kufika ukurasa wa kumi msomaji ameshaamua kwamba binti atoroke. Kurasa mia mbili zinazofuata ni kungoja basi la alfajiri. Baba wa aina hiyo ni kizuizi cha njiani tu, na kizuizi huondolewa kwa nguvu au kwa ujanja. Mgogoro wa nafsi unadai wajibu ambao msomaji mwenyewe angeona haya kuuvunja.

Anayetaka kuona fundo lililokazwa barabara na aitazame Le Cid, tamthilia ya Mfaransa Pierre Corneille iliyochezwa kwa mara ya kwanza Paris mwanzoni mwa 1637. Mambo yanatokea Seville, mji wa Hispania. Mfalme amemteua Don Diègue, mzee wa vita vya zamani, kuwa mlezi wa mwanawe. Don Gomès, jemadari ambaye nguvu zake bado zimo mwilini, anaona cheo hicho kilikuwa haki yake. Maneno yanapanda, anamzaba mzee kofi. Mzee anachomoa upanga, mkono haumtii, ananyang'anywa. Anamwita mwanawe Rodrigue na kumtaka aifute aibu ile. Rodrigue anampenda Chimène, naye ni binti wa Don Gomès, na posa ilikuwa njiani. Baba wa binti alikwisha kumwona Rodrigue kuwa mkwe anayefaa. Hakuna aliyekuwa akiwazuia. Hilo ni la kuzingatia: Corneille anaanza na mlango uliofunguliwa, kisha anaufunga kwa kofi moja.

Ufundi wenyewe umo katika onyesho la sita la tendo la kwanza. Rodrigue yuko peke yake, na mshairi anampa beti sita za mistari kumi kumi. Anapima pande mbili, hapati njia. Anafikiria kufa, halafu anaona kwamba kufa bila kulipiza kutaacha jina la ukoo na doa. Lakini kabla hajafika huko amegundua jambo ambalo ndilo linalobeba tamthilia nzima: akilipiza, Chimène atamchukia, asipolipiza, Chimène atamdharau. Vyovyote vile anampoteza. Wajibu umeingia ndani ya mapenzi yenyewe, kwa kuwa kilichomfanya Chimène ampende ni ile heshima inayomtuma Rodrigue amuue baba wa binti.

Kutokana na hapo napendekeza jaribio dogo kwa mwandishi yeyote. Andika sentensi mbili: "Akitimiza wajibu, atapoteza fulani kwa sababu fulani," na "Akifuata mapenzi, atapoteza fulani kwa sababu fulani." Jina la mpenzi likitokea katika sentensi moja tu, fundo bado limelegea.

Tuseme kijana ameachiwa wosia na marehemu kaka yake alee watoto watatu, na mpenzi wake amepata kazi Muscat, anataka waondoke wote. Akibaki, anamkosa mpenzi. Akiondoka, anawatupa watoto. Inahuzunisha, ila imelegea, maana ni mizani ya sokoni: huku watoto, kule mpenzi. Ongeza kitu kimoja. Huyo binti alitelekezwa na baba yake mdogo aliyekabidhiwa amlee, na alianza kumpenda kijana siku alipomwona akiwafulia watoto sare za shule. Sasa akiondoka naye, atakaa Muscat na mwanamke ambaye kila akimtazama yeye atamwona ndani yake yule baba mdogo aliyemtelekeza. Hata sentensi ya pili inalo jina la mpenzi.

Kisha kuna njia za pembeni, na msomaji wa kwetu ni hodari wa kuzigundua. Kwa nini asitume pesa kila mwezi kwa simu? Shangazi wa Morogoro yuko wapi? Kwa nini wasingoje mwaka mmoja? Usipozijibu mapema, katika sehemu ya kwanza ya tano ya kitabu, kila atakapolia mhusika wako msomaji atakuwa akimtajia jina la shangazi. Kila njia izibwe na tukio linaloonekana. Maelezo ya msimulizi hayatoshi. Na aliyeshika wajibu aonekane akipendeka walau mara mbili kabla hajadai chochote. Mtoto anayeamka usiku na kulala tena akishika kidole cha kijana huyo anayemlea ana uzito kuliko hotuba ya kiapo kwenye kitanda cha hospitali.

Pale wapendanao wanapokutana baada ya pigo, waandishi wengi huandika ugomvi. Corneille hakufanya hivyo. Katika tendo la tatu Rodrigue anaingia nyumba ya msiba na upanga uleule uliomuua Don Gomès, anamwomba Chimène amuue nao. Binti anakataa, lakini anamwambia wazi kwamba atadai kichwa chake kwa mfalme, ili naye astahili kupendwa na mtu wa namna ile. Kila mmoja anakiri kwamba mwenzake ana haki. Hapo ndipo panapouma, na ugomvi ungelipooza.

Fundo letu la kale limefungwa kwa namna nyingine. Katika utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwana wa shujaa Liyongo anaahidiwa binti wa mfalme wa Pate akitoboa siri ya kinachoweza kumuua baba yake. Tamaa ya mwana ni nyepesi, na utendi hauipimi, unaihukumu: ahadi inavunjwa, naye anaugua na kufa. Aliyebanwa, kwa maoni yangu, ni baba. Liyongo anashuku kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamtajia sindano ya shaba kitovuni. Ukitaka kuiandika upya hadithi hiyo, kaa kwa baba.

Kufungua fundo ni kazi ngumu kuliko kulikaza. Corneille alimpa Rodrigue vita: anawashinda Wamori, Waislamu waliokuwa wakipigana na Wahispania, usiku mmoja, taifa linamhitaji, hivyo hawezi kunyongwa. (Jina Cid ni sayyid lilelile tunalolijua, na katika tamthilia anapewa na wafalme wawili aliowateka.) Académie française, taasisi ya Ufaransa inayosimamia lugha ya Kifaransa, ilimkosoa vikali kwamba binti hawezi kuolewa na muuaji wa baba yake. Ukosoaji huo ulisoma zaidi ya kilichoandikwa. Mfalme anaamuru ndoa, kisha anatoa mwaka mzima wa kuomboleza, na Rodrigue anarudishwa vitani. Tamthilia inakwisha, na Chimène hajatamka ndiyo.