Ridhaa si Udhaifu: Dhana Potofu kuhusu Klabu ya Queen's Park

Katika kozi za awali za makocha na viongozi wa klabu ninazofundisha, hufika kipindi ambacho kila mshiriki hutakiwa kuitambulisha timu yake, na hapo hakosi kusimama mmoja, aghalabu katibu wa timu ya mtaani mwenye daftari lililochakaa kwapani, akasema: “Sisi ni klabu ya ridhaa tu, mwalimu.” Kinachoniudhi ni hilo “tu”. Katika darasa la mwisho nililisikia mara tatu kabla ya chai ya saa nne, na mara ya tatu lilitoka kwa kijana ambaye klabu yake ina katiba, ina wanachama wanaolipa ada, na imelea wachezaji ambao leo wanacheza ligi kubwa. Mfano ninaoutumia kumjibu kila anayesema hivyo ni Queen's Park ya Glasgow, Uskoti, klabu iliyodumu katika ridhaa kwa zaidi ya miaka 150. Kwa bahati mbaya, nayo imezingirwa na maelezo ya uongo, kwa hiyo nitayashughulikia yote pamoja.

Dhana kubwa, ambayo ndiyo mama wa nyingine, ni kwamba ridhaa ni kiwango cha uwezo: kwamba timu huanzia ridhaa kwa sababu haijui mpira, kisha ikishajua hupanda na kuwa ya kulipwa. Lugha yenyewe inakataa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, neno la ukoo mmoja na “radhi” na “kuridhia”, na mchezaji wa ridhaa ni yule aliyeridhia kucheza pasipo ujira. Neno hilo linaeleza makubaliano yake na klabu, wala halisemi lolote kuhusu ubora wa mguu wake. Queen's Park waliliweka jambo hilo katika kaulimbiu yao ya Kilatini, “Ludere Causa Ludendi”, yaani kucheza kwa ajili ya kucheza, na waliokuwa wakiishi kwa kaulimbiu hiyo ndio waliokuwa bora kuliko wote nchini mwao.

Tuanzie mwanzo. Usiku wa tarehe 9 Julai 1867, saa mbili na nusu, vijana kadhaa walikutana katika nyumba namba 3, Eglinton Terrace, kusini mwa Glasgow, wakaunda klabu. Saa, mahali na kusudi la kikao tunavijua kwa sababu waliviandika usiku uleule katika kitabu cha kumbukumbu. (Ndiyo maana huwa nawasihi makatibu: andikeni kumbukumbu za kila kikao, hata kile cha kuchangia jezi, na daftari likijaa litunzeni mahali pakavu.) Wakati huo karibu hapakuwa na wapinzani wa kucheza nao, kwa hiyo mwanzoni wanachama walikuwa wakigawana pande wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1868 ilipopatikana timu ya kucheza nayo, iliyoitwa Thistle, katibu wa Queen's Park, Robert Gardner, aliwaandikia barua ya kupanga mchezo: wachezaji 20 kila upande, muda wa saa mbili, na akawaomba waje na mpira wao, endapo ule wa wenyeji ungeharibika. Yeyote aliyewahi kupanga mechi ya mchangani anaielewa barua hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa mtazame Gardner huyohuyo miaka minne baadaye. Tarehe 30 Novemba 1872, katika uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent huko Partick, Uskoti ilicheza na England mchezo unaotambuliwa kuwa wa kwanza wa kimataifa katika soka, mbele ya watazamaji wapatao 4,000. Nahodha wa Uskoti alikuwa Robert Gardner, na wachezaji wote 11 walitoka Queen's Park. Matokeo yalikuwa sare ya bila kufungana, ila watu wa mpira waliangalia jambo jingine. Waingereza walizoea soka ya chenga, ambayo mtu mmoja huchukua mpira na kuchanja mbuga hadi anyang'anywe, na wenzake humfuata nyuma wakisubiri uchomoke. Queen's Park walikuwa wamecheza wao kwa wao muda mrefu hata wakazoeana, na mchezo wao ukawa wa kushirikiana: kupasiana, kusogea kwenye nafasi, kupokea tena. Katika miaka ya 1870 na 1880 mtindo huo ulienea, na klabu za kaskazini mwa England zikawa zinavuka mpaka kuwatafuta Waskoti wa kuja kuwafundisha. Kwa hiyo kocha anayeniambia kwamba pasi ni elimu ya timu za kulipwa, naye anawafundisha vijana wake kupiga pasi kila jioni, anawanyima wenyewe urithi wao.

Orodha ya mataji inasema mengine. Kombe la Uskoti wamelitwaa mara 10, kati ya 1874 na 1893, na hadi leo ni Celtic na Rangers pekee waliolitwaa mara nyingi zaidi. Tangu kuanzishwa hadi Desemba 1876 hakuna timu ya Uskoti iliyowafunga. Waliovunja mwiko huo ni klabu ya Vale of Leven. Katika Kombe la FA la England walifika fainali mara mbili mfululizo, 1884 na 1885, na zote mbili wakafungwa na Blackburn Rovers. Ni sawa kuwahesabia vipigo hivyo, lakini anayetumia vipigo vya fainali kuthibitisha udhaifu anieleze ni wangapi kati ya waliobaki walifika fainali.

Nasi tusitafute mbali mno. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ambayo wakati huo haikuwa na jina hilo, zilianza kama klabu za ridhaa za vijana wa Dar es Salaam, na Taifa Stars iliyofuzu fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 ilikuwa timu ya zama za ridhaa. Hakuna Mtanzania anayeizungumza timu ile kwa “tu”.

Dhana ya pili inafuatana na ya kwanza: kwamba klabu ya ridhaa lazima iwe fukara. Ni kweli kwamba Queen's Park waliwahi kukwama kwa ukata. Mwaka 1872, katika Kombe la FA la kwanza kabisa, walichangia gini moja, fedha ya zamani ya Uingereza, kununua kombe lenyewe, wakaenda London kucheza nusu fainali na Wanderers, wakatoka sare, na kwa kuwa hawakuwa na nauli na gharama za kukaa kungoja mchezo wa marudio, walijitoa na kurudi nyumbani. Lakini kutomlipa mchezaji hakuizuii klabu kukusanya viingilio, kukodisha uwanja na kuweka akiba. Uwanja wa sasa wa Hampden Park waliufungua tarehe 31 Oktoba 1903 ukiwa mali yao, na kwa miaka mingi, hadi Maracanã ya Brazil ilipofunguliwa mwaka 1950, ulikuwa mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1937 watu 149,415 waliingia humo kuitazama Uskoti ikicheza na England. Mwenye nyumba alikuwa klabu ambayo wachezaji wake hawakulipwa hata senti ya mshahara.

Wengine husema kwamba soka ile ya karne ya 19 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Andrew Watson, mtu mweusi aliyezaliwa Demerara, Guyana ya leo, mwaka 1856, alichezea Queen's Park na akawa pia katibu wake wa mechi. Tarehe 12 Machi 1881 aliiongoza Uskoti kama nahodha katika uwanja wa Oval, London, na England ikafungwa 6–1 nyumbani kwake. Aliichezea Uskoti mara tatu na mara zote tatu ilishinda.

Kwa wanaoichanganya na Queens Park Rangers: hiyo ni ya London, na hazina uhusiano. Kwa wanaosema ni klabu kongwe kuliko zote duniani: ni kongwe kuliko zote Uskoti, ila Sheffield FC ya England, iliyoanza nayo kama klabu ya ridhaa, ilianzishwa mwaka 1857.

Imebaki dhana kwamba bado ni klabu ya ridhaa, na ile pacha yake, kwamba waliiacha ridhaa kwa aibu ya kushindwa. Kura ya wanachama ya Novemba 2019 ndiyo iliyoruhusu malipo. Kushuka kwao uwanjani kulianza zamani mno, pale walipokataa kujiunga na ligi ya Uskoti ilipoundwa mwaka 1890, na soka ya kulipwa ilipohalalishwa nchini humo mwaka 1893. Walipoingia ligini mwaka 1900, wenzao walikuwa wameshatangulia. Lakini hata katika unyonge huo waliendelea kulea: Alex Ferguson alianzia hapo katika miaka ya 1950, na Andrew Robertson, baadaye nahodha wa Uskoti, aliichezea msimu wa 2012/13. Tatizo lililowafikisha kwenye kura ile lilikuwa kwamba mchezaji wa ridhaa hafungwi na mkataba wa ajira, kwa hiyo kijana waliyemfundisha tangu utotoni angeweza kuchukuliwa na klabu kubwa, nao wasiwe na cha kudai. Katibu wa timu ya mtaa anayesoma haya analijua jambo hilo kwa majina ya vijana walioondoka kwake, na ndilo ningependa tuanze nalo katika kipindi kijacho, daftari la usajili likiwa limefunguliwa mezani.