Raia kusimamia polisi: maana yake

Ukipigwa na jirani, unakwenda kituoni, kisa kinaandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, unapewa fomu ya P3 ya kueleza majeraha ukajaziwe na daktari. Ukipigwa na polisi, njia ya kawaida ni hiyo hiyo: kaunta ile ile, kitabu kile kile, na huenda anayeshika kalamu ndiye aliyeshika rungu jana usiku. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani.

Usimamizi huru wa kiraia maana yake ni kuitoa kesi hiyo kwa nyani. Sheria inaunda chombo cha watu wasiovaa sare wala kupokea amri kwa mkuu wa polisi, kisha inakipa uwezo wa kupokea malalamiko, kuita mashahidi na kukagua seli.

Kenya chombo hicho ni IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, zao la sheria ya mwaka 2011. Chimbuko lake ni ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Philip Waki iliyozichunguza ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Watu wasiichanganye IPOA na Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi; hao ni polisi wanaochunguzana wenyewe, jambo lenye faida yake kwa nidhamu, lakini raia hayumo.

Mtu akifia mikononi mwa polisi, IPOA huchunguza hata kama hakuna aliyelalamika. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki akiwa kizuizini katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukakanusha. IPOA ikaingia kituoni, ikakuta kamera za CCTV zimechezewa. Mwezi huo huo watu sita, maafisa wa polisi wakiwemo, walishtakiwa kwa mauaji.

Aliyewashtaki lakini si IPOA. Yenyewe haimfungi mtu wala haimfuti kazi. Hukusanya ushahidi na kumpelekea faili Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na hata ushahidi wenyewe haiupati bila kubisha hodi kwa wale inaowachunguza: OB iko kituoni, daftari la kutolea silaha liko kituoni, na bunduki inayoshukiwa hupimwa kwenye maabara ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambao nao ni polisi.