Je, wajua kwa nini joto la kukoma hedhi linampata mtu hata kwenye baridi kali?

Mama wa miaka 48 yuko Iringa, mwezi wa saba, ile baridi ya kulalia blanketi mbili. Saa nane usiku anazitupa zote chini, moto unapanda kifuani, shingoni mpaka usoni, moyo unaenda mbio, kanga inaloa jasho chapachapa. Baada ya dakika tatu nne anatetemeka na kutafuta blanketi tena. Asubuhi anaenda zahanati, na kila mtu hapo nyumbani ameshasema malaria.

Kipimo kinasoma hakuna. Wengine hapo wanaanza kunywa dawa ya mseto hivyohivyo "kwa usalama", wengine wanaambiwa ni presha, na wapo wanaoambiwa wamerogwa, na mwezi unaofuata mambo ni yaleyale. Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba hii ni homa, wakati homa ni ubongo kuamua mwili upate joto zaidi, ndo maana malaria ikianza unasikia baridi kwanza, unatetemeka, halafu joto, halafu jasho. Joto la kukoma hedhi linakwenda kinyume: moto kwanza, jasho, halafu ndo baridi. Na ukiweka kipimajoto kwapani muda huo mara nyingi hukuti homa yoyote, kwa sababu mwili hauongezi joto, unalitoa nje kwa nguvu zote! Mishipa ya damu ya kwenye ngozi inatanuka, damu ya moto inaletwa juu, jasho linamwagika, na joto la ndani linashuka, ndo huko kutetemeka. Ila malaria haifuati huo mpangilio kila siku, kwa hiyo kupima pima tu. Na jasho la usiku likija na kikohozi kisichoisha au kukonda, kapime TB pamoja na VVU, usiseme ni umri.

Sasa kwa nini mwili ujipoze wakati hamna joto? Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, hiyo ndo inalinda joto la mwili. Ichukulie kama mlinzi wa geti. Mlinzi aliyetulia anaona paka kapita, anamwacha, anapiga filimbi akiona mtu anaruka ukuta. Kwa mama asiyepata haya majoto joto la ndani linaweza kupanda na kushuka kidogo, kama digrii 0.4 hivi, na mlinzi asishtuke. Kwa mama mwenye haya majoto nafasi hiyo inabana mpaka inakaribia sifuri, yaani paka akipita tu filimbi inalia, na ikilia mwili mzima unatii: kikombe cha chai, hasira kidogo, chumba chenye watu wengi, basi.

Kinachomshtua mlinzi ni estrojeni, homoni ya kike, kushuka. Nasema kushuka, maana kuwa nayo kidogo peke yake hakutoshi, watoto wa kike wana kidogo sana na hawapati kitu. Wanaume wanaotibiwa kansa ya tezi dume kwa kuzimwa homoni zao wanapata majoto haya haya, jasho na kila kitu! Mwaka 1990 mtafiti Mmarekani Naomi Rance alieleza kwamba kwenye ubongo wa wanawake waliokoma hedhi kuna kundi la seli za neva limevimba, na baadaye ikaonekana seli hizo, estrojeni inayozituliza ikishapungua, zinamchokonoa mlinzi kwa kemikali inaitwa neurokinini B. Kutokana na hapo ikapatikana dawa ya kuizuia, fezolinetanti, Marekani waliiruhusu Mei 2023, haina homoni ila ini linatakiwa lipimwe.

Dalili zinaanza hata kabla hedhi haijakata, ikiwa bado inaruka ruka, maana kukoma kwenyewe kunahesabiwa ukishamaliza miezi 12 bila kuona siku, na wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Usingizi unapotea, hasira, kusahau, ukavu ukeni. Utafiti mkubwa wa Marekani ulikuta majoto yanachukua kama miaka 7 kwa kawaida, na kwa wanawake weusi wa kule zaidi ya 10, kwa hiyo kumwambia mtu "vumilia yataisha" ni kumuonea.

Nguo za pamba, feni, kupunguza uzito na pombe vinasaidia kiasi. Soya inasifiwa sana ila majibu ya tafiti hayaelewani. Kinachofanya kazi kuliko vyote ni tiba ya homoni, hasa ukianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike, maana estrojeni peke yake inaongeza hatari ya kansa ya kizazi. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti, kuganda damu au kiharusi kwa kawaida hapewi, amuulize daktari njia nyingine. Kwa ukavu vipo vilainishi vya maji, hata krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni.

Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hiyo sio hedhi imerudi, nenda hospitali wiki hiyohiyo wakaangalie kizazi na mlango wake.