Chura wa Kihansi haogelei bwawani, jamani

Juzi tena kwenye daladala, jamaa kasikia kazi yangu ni vyura, kacheka weee, halafu akaja na ile ile: "Si mngewamwaga tu mto mwingine? Chura ni chura." Nimechoka. Naandika hapa ili nikiulizwa tena nitume linki.

Chura wa Kihansi haishi mtoni. Wala bwawani. Anaishi kwenye manyunyu, ule ukungu wa maji unaorushwa na maporomoko, nyasi zimelowa usiku na mchana na upepo haukatiki. Eneo lenyewe lilikuwa kama hekta 2 tu, kwenye korongo la Kihansi huko kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, hajaonekana kwingine popote duniani. Na hatagi mayai, anazaa! Ukimgeuza jike mwenye mimba unaviona vitoto kupitia ngozi ya tumbo, na mama mwenyewe hafiki sentimita 3. Hakuna kiluwiluwi wa kuogelea, sasa mto wa nini?

Aligunduliwa 1996, mradi wa umeme ushaanza. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa karibu asilimia 90 ya maji ya mto ikaenda kwenye mahandaki, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani (ndiyo, walipanda ndege, chekeni mmalize), huku korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji na wakaanza kuongezeka tena, halafu 2003 wakapukutika ghafla.

Tunasema aliyewaua ni fangasi aitwaye kitridi, na kweli alikutwa kwenye mizoga, anaharibu ngozi na chura anakunywa maji kwa ngozi. Ila mwaka huohuo bwawa la umeme lilifunguliwa tope likashuka mpaka kwao, kwa hiyo nikitamka "fangasi" kwa kujiamini ujue najirahisishia. Na nani alimleta? Kila nikisugua buti kwa dawa kabla ya kushuka korongoni nawaza huenda ni buti za sisi wataalamu.

2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza katoweka porini. 2012 wakaanza kurudishwa, basi watu wakasikia "wamerudishwa" wakafunga faili. Kurudisha ni kufungua boksi tu, yeyote anaweza. Mimi nikipiga magoti kwenye zile nyasi, tochi mdomoni, miwani imejaa maji sioni vizuri, sitafuti wale wakubwa wa njano tuliowaachia. Natafuta kale keusi keusi, kadogo kuliko punje ya mchele, ambako hakajawahi kuliona boksi.